Arobaini ya Goti

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nampa kwa kifupi. Mimi naitwa Abdulkarimu, mkulima wa korosho na ufuta, Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea. Goti langu la kulia liliisha. Madaktari wakalitoa, wakaniwekea la chuma. Nikarudi nyumbani na magongo mawili, mshono mrefu katikati ya goti, na maneno ya Dionisia.

Dionisia ndiye mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Ni mama wa makamo, mpole wa sauti, na sijapata kuumizwa na mtu mpole kiasi kile. Kabla hatujaondoka alituita mimi na mke wangu Rukaiya.

"Baba," akasema, "kazi ya daktari imekwisha, imebaki yako. Goti hili likunjwe kila siku mpaka lifike kama pembe ya meza. Usipolikunja, nyama za ndani zitashikana. Zikishashikana, mimi sina uwezo tena. Utarudishwa kwa daktari, ulazwe usingizi, walikunje kwa nguvu. Na hapo napo mara nyingine linakataa, unabaki na mguu mkavu maisha yako yote."

"Na mto?" Rukaiya akauliza.

"Chini ya kisigino, sawa. Chini ya goti, hapana. Hata akilia, mama."

Rukaiya akaitikia. Na mimi nikaitikia. Kuitikia hakuumi.

Niliwaacha pale dada yangu Mwamina aliposhuka kwenye bodaboda akitokea Chunyu, kule Ruangwa, sufuria la shughuli limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.

"Karibu, wifi," Rukaiya akasema.

"Nimekaribia," dada akajibu. "Mafiga yako wapi?"

Hapo ndipo tulipoishia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Dada Mwamina lazima mumjue. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nabebwa, na aliyenibeba ni yeye, na yeye mwenyewe alikuwa msichana mdogo. Kazi yake ni kukanda wazazi. Kuanzia Chunyu mpaka Nandagala, mwanamke akijifungua, kabla watu hawajamtafutia mtoto jina wanamtafuta Mwamina. Anamkanda mzazi kwa maji ya moto, anamfunga tumbo, anamnywesha uji wa pilipili manga, anamweka ndani arobaini nzima, na siku ya kumtoa nje mwanamke amenona anang'aa. Hajapata kumharibu mtu. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani namsema dada yangu vibaya.

Tatizo ni moja. Mwamina anajua kuuguza ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ni uzazi.

Aliingia chumbani, akafunua shuka, akautazama mshono.

"Umechanwa, hukuchanwa?"

"Nimechanwa."

"Umeshonwa, hukushonwa?"

"Nimeshonwa, dada. Nyuzi wameshatoa."

"Damu ilikutoka?"

"Ilinitoka."

"Sasa wewe na mzazi mna tofauti gani?"

Nikafikiri. "Mtoto," nikasema.

"Mtoto siyo tofauti. Wapo wanaojifungua na mtoto asikae. Na wao nawakanda."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Dada yangu alizaa, na hakubakiwa na mtoto hata mmoja isipokuwa mimi, kama mimi nahesabika. 

Akamgeukia Rukaiya. "Wifi, huyu hatoki nje mpaka arobaini."

"Wifi, hospitali wamesema atembee. Na goti likunjwe kila siku."

"Mzazi gani huyo anayetembea?"

"Si mzazi, wifi. Ni mume wangu."

"Haya, mwenyewe yuko hapa," dada akasema. "Tumwulize. Mdogo wangu, unataka kutembea au unataka kulala?"

Msomaji, niulize wewe ungejibu nini. Nilisema kulala.

Asubuhi yake nikakandwa. Taulo lilitoka kwenye sufuria linafuka, dada akalikamua, akaliweka. Sikujua mwanamume mzima anaweza kutoa sauti ile. Jirani aliita kuuliza kama tumechinja.

"Pandisha huo msuli uliovaa," dada akasema.

"Dada, goti liko hapa chini."

"Pandisha. Mficha uchi hazai."

"Dada, mimi sizai."

"Pandisha."

Alipomaliza mguu akachukua kanga, akanifunga tumbo, akakaza kwa goti lake mwenyewe, ambalo lilikuwa linakunjika vizuri sana.

"Tumbo halikuchanwa," nikamwambia.

"Lisipofungwa litalegea."

Nililitazama tumbo langu. Lilikuwa limelegea tangu miaka ile bei ya korosho ilipokuwa nzuri, lakini sikuona faida ya kubishana. Ukaja uji wa pilipili manga. Ikaja supu ya kuku. Kisha dada akatoa kwenye mzigo wake mto mdogo wa sufi, ule anaowawekea wazazi, akausukuma chini ya goti langu.

Jamani, ule mto! Maumivu yalizimika kama mtu kazima redio. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali nililala mchana bila kusaga meno.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, maana sikuanza kuandika mambo haya gazetini ili nijisifu. Sikudanganywa na mtu. Maneno ya Dionisia niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili. Nilijua mto haufai, nilijua kulala hakufai. Lakini mazoezi yale yaliniogopesha kuliko kisu. Kisu nilipigwa nimelala. Mazoezi unayafanya uko macho, na anayekuumiza ni wewe mwenyewe. Nikaona bora nijifiche nyuma ya dada.

Habari haikai ndani. Mtani wangu Leonard, Mngoni anayetengeneza baiskeli pale sokoni, akasikia kwamba Abdulkarimu yuko arobaini. Na kwetu kusini mtani hazuiwi. Akikutukana hukasiriki, akiondoka na kuku wako humdai.

Akaja amebeba beseni la plastiki, na ndani ya beseni kipande cha sabuni ya mtoto.

"Hodi! Nimekuja kumwona mtoto."

"Karibu," dada akamwitikia, maana hata kwake Leonard ni mtani, na hakutaka kumkatiza.

Leonard akaingia, akanitazama nilivyofungwa kanga tumboni. Hakucheka. Mtani mzuri hacheki.

"Hongera, mama," akasema. "Dume au jike?"

"Toka, Leonard."

"Hasira za uzazi hizo, zitapita. Ana kilo ngapi?"

"La chuma hilo. Sijui kilo."

"Ndiyo maana ukapasuliwa. Kwa njia ya kawaida lisingepita." Akainama, akalitazama goti kwenye mto wake. "Kafanana na mama yake. Kalala tu. Siku ya kumtoa nje mtuite, tuje na ngoma."

Akaondoka, akapita sokoni, akatangaza. Kuanzia siku ile wanawake wakawa wanaingia mmoja mmoja na mchele, na unga, na kanga. Wengine walikuwa wanatania, wengine nadhani hawakuelewa vizuri. Mama mmoja alileta kofia ndogo ya kufuma. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Niliijaribu baadaye, haikuenea.

Aliyekuwa hacheki wala hatanii ni Rukaiya.

Alikuwa anasubiri dada atoke. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na mzazi wa kweli, na dada asingeweza kupita mlango wa mzazi bila kuingia. Akishatoka tu, Rukaiya anaingia, anautoa mto, anapitisha kanga chini ya unyayo wangu, ananipa ncha zake.

"Baba Raudha, sasa. Vuta."

"Kesho."

"Kesho goti litakuwa limeshikana. Vuta taratibu, mimi nashika kisigino."

Nilikuwa navuta kidogo, nalia, naacha. Na yeye, kwa kuwa ananihurumia, akiona machozi anaacha. Ananifuta jasho, anasema, "Haya, tumejitahidi, jioni tena." Jioni dada yupo, hakuna tena. Siku zikaenda hivyo. Goti likawa linavimba jioni, gumu, halikunjiki na halinyooki.

Siku moja Rukaiya akaamua. "Leo hata ulie," akasema. "Leo siachi."

Akavuta kweli. Nikalia kweli. Na dada, ambaye mzazi wake wa nyumba ya tatu siku hiyo alikuwa amelala, akarudi mapema, akakuta mlango uko wazi.

"Wewe! Unamuua mdogo wangu!"

"Namsaidia, wifi. Ndivyo walivyosema hospitali."

"Hospitali wanamjua tangu lini? Mimi nimembeba mgongoni!" Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Sema mwenyewe. Hapa ndani ya nyumba hii, nani anakuumiza?"

Ningeweza kusema, dada, mwache, ndiyo dawa. Maneno machache tu. Mke wangu alikuwa ameshika kisigino changu bado, ananitazama, anayangoja.

"Rukaiya," nikasema.

Haikuwa uongo, na ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi.

Dada akasema, "Umesikia? Toka humu. Mgonjwa namwuguza mimi."

Rukaiya akakiweka chini kisigino changu, polepole, asije akanitonesha. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Hospitali nimelala sakafuni chini ya kitanda chako," akasema. "Nimemwaga mikojo yako. Leo mimi ndiye ninayekuumiza. Haya."

Akafunga nguo zake, akaenda kwao Nandagala. Mlangoni akageuka mara moja. "Ukinitaka, nyumba ya mjomba unaijua. Uje mwenyewe, ukae kwenye mkeka wake, useme."

Wasomaji wa mbali hawatauona uzito wa maneno hayo. Kwetu mwenye mke ni mjomba wake. Mke akirudi kwao, mume hatumi mtu wala hapigi simu. Anakwenda mwenyewe, anakaa chini kwenye mkeka mbele ya mjomba, anaomba. Kiti hapewi hata awe nani. Na mguu haunyooshwi. Kumwelekezea mkwe unyayo ni tusi, na kwa tusi hilo watu wamewahi kurudishwa njiani na mahari zao.

Sasa mimi nina mguu ambao hata nikikaa kitandani umetangulia mbele kama mpini wa jembe. Nisipolikunja goti, mke sina. Nililala chali nikalitazama paa. Mto ulikuwa umerudi mahali pake, na kwa mara ya kwanza haukunisaidia.

Ikafika siku ya kliniki, Nachingwea mjini. Dada akanisindikiza, amevaa vizuri, anataka kuwaonyesha kazi yake.

Dionisia akanilaza, akaweka kipimo chake pembeni ya goti. Akapima tena. Akakaa kwenye stuli.

"Baba, mto uliuweka wapi?"

Nikatazama dari. Dada akanijibia kwa fahari: "Chini ya goti. Wa sufi."

"Na wewe mama ni nani wake?"

"Dada yake. Nimemlea, na sasa namkanda."

Dionisia akapitisha vidole kwenye ngozi ya mguu wangu. "Una mikono mizuri, mama. Wazazi unaowakanda wana bahati. Lakini mzazi tunampumzisha ili kilichofunguka kijifunge. Huyu anatakiwa kinyume chake. Kila anapopumzika, goti linajifunga. Akirudi kwangu tena likiwa hivi, nampeleka akalazwe, likakunjwe kwa nguvu."

Dada akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga?"

"Hukujua, mama."

"Na yeye alijua?"

Dionisia akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Ni mkweli, hakutaka kunificha. "Nilimwambia mwenyewe, mama. Yeye na mkewe, wamesimama hapo hapo."

Dada akanigeukia. Amenilea maisha yangu yote, amenichapa, ameninyima chakula, lakini sikuwahi kutazamwa na Mwamina namna ile. Neno lake alilisema ndani ya bajaji, tumeuacha mji.

"Ulijua."

"Nilijua, dada."

"Ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Maumivu."

"Aka!" akasema. Dereva akageuka. "Tazama barabara, wewe! Wanawake wanatoa watu wazima matumboni mwao, huyu anaogopa kukunja goti."

Tulipofika nyumbani akamwaga maji, akalifunika sufuria kifudifudi. Mto wa sufi akampelekea yule mzazi wa nyumba ya tatu. Akanifungua kanga ya tumbo, akaipitisha chini ya unyayo wangu, na ncha zake hakunipa mimi. Akazishika mwenyewe.

"Lala. Vuta pumzi."

"Dada, polepole."

"Usifunge macho. Vuta pumzi. Sukuma!"

Huyu hakuwa Rukaiya. Rukaiya akiona machozi anaacha. Mwamina maisha yake yote ameliliwa na wanawake, na machozi kwake ni dalili kwamba kazi inakwenda. Nikimwambia nakufa, anasema wote husema hivyo. Kwenye uvimbe aliweka barafu ya mfuko, yeye ambaye hajapata kumgusisha mgonjwa maji ya baridi. Aliiweka kwa bismillahi, akageuza uso pembeni.

Asubuhi na jioni. Sauti yangu ilifika barabarani. Leonard akapita na baiskeli ya mtu, akasimama nje, akauliza kwa nguvu: "Kumbe ni mapacha?"

Lakini goti likaanza kutii. Kwanza nikakaa kitandani miguu ikining'inia. Kisha nikakaa kwenye kiti, unyayo chini kabisa. Kisha gongo moja likabaki nyuma ya mlango. Siku niliyorudi kwa Dionisia, alipima, akapima tena, akacheka.

"Pembe ya meza tumeipita, baba! Sasa ukae kwenye viti tu. Kukaa chini bado, tutafika huko nitakapokuwa nimekufundisha."

Nikasema sawa. Habari za mkeka wa Nandagala sikumwambia. Kuna watu hawajifunzi, na mmojawao ndiye anayewaandikia.

Tukaenda na basi mpaka Ruangwa, na bajaji mpaka Nandagala. Dada alikataa kubaki. "Aliyemfukuza ni mimi," akasema. "Na mimi nina mdomo wa kuomba radhi."

Mjomba wa Rukaiya ni Mzee Abdalah, mtu mzima sana, mchache wa maneno. Alitukuta tumesimama uani. Akaagiza mkeka, ukatandikwa barazani. Akakaa yeye, akamkaribisha dada, kisha akanitazama mimi.

"Karibu chini, mkwe."

Nikaegemeza gongo ukutani. Nikashika nguzo ya baraza. Mguu wa kushoto ukatangulia, nikashuka, nikashuka, jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi, na goti la kulia likakunjika, likasimama juu, unyayo ukatua bapa kwenye mkeka. Haukumwelekea mtu. Mzee Abdalah aliutazama ule unyayo, akaitikia kwa kichwa. Sijapata kujivunia kitu maishani mwangu kama nilivyojivunia kukaa pale chini.

"Sema shida yako."

"Nimemfuata mke wangu, mzee. Nilimkosea. Alikuwa ananiuguza, nikamshtaki kwa kuniuguza."

"Na mimi nilimtoa nyumbani kwake kwa kutojua kwangu," dada akasema. "Naomba radhi mbele yako."

Mzee akaita. Rukaiya akatoka na ungo wa choroko, akakaa kizingitini. Alikuwa amekonda kidogo. Hakunitazama usoni, alilitazama goti, akalitazama sana, na nikaona tabasamu linaanza.

"Umekunja," akasema.

"Nimekunja, mama Raudha."

"Mashallah. Mpaka chini."

"Dionisia mwenyewe amecheka."

"Nani anakukunja?"

Hapo ilifaa ninyamaze. Lakini nilikuwa nimejaa furaha, na mwanamume mwenye furaha hana akili. "Dada," nikasema. "Asubuhi na jioni."

"Unalia?"

"Nalia mno. Mpaka Leonard anasikia barabarani."

"Na ukilia, anaacha?"

"Huyu? Haachi."

"Na wewe humshtaki kwa mtu."

Tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Akauweka ungo chini.

"Mjomba," akasema, na sauti yake ikakatika, akaitafuta tena. "Mimi niliushika mguu huu kwa huruma, nikafukuzwa. Dada yake anaushika kwa nguvu, huyu analia, na kesho yake anampa mguu tena. Kumbe goti lilikuwa linakunjika siku zote. Lilikuwa halitaki kukunjwa na mimi."

"Wifi, si hivyo," dada akasema.

"Wifi, wewe umeomba radhi na nimepokea. Na wewe sina ugomvi." Akasimama. "Mjomba, mwulize huyu. Talaka yangu amekuja nayo, au ameisahau nyumbani?"

Akaingia ndani, pazia likashuka nyuma yake.

 Kuku walikuja kwenye ungo wa choroko, na hakuna aliyewafukuza. Mzee Abdalah akavuta pumzi ndefu.

"Mkwe," akasema, "hilo siyo la kujibiwa na mimi. Simama, mfuate humo ndani, ukamjibu mwenyewe. Na uende sasa hivi. Namjua mtoto wangu, akikaa na neno hilo mpaka jioni halitatoka tena."

Nikaweka viganja chini. Mguu wa kushoto ukakubali. Wa kulia ukatetemeka, nikainuka kidogo, nikarudi chini kwa kishindo. Nikajaribu tena. Kukaa chini nilikuwa sijaruhusiwa, kwa hiyo kusimama kutoka chini hakuna aliyenifundisha. Gongo lilikuwa ukutani, mbali na mkono wangu. Nguzo ilikuwa nyuma yangu, nayo siifikii.

Dada Mwamina akasimama. Akapanua miguu, akajikaza, akaninyooshea mikono yake yote miwili, ile mikono.

"Shika," akasema.

Nikainua wangu. Na hapo nikaona pazia la mlango limesogezwa kwa kidole, na Rukaiya amesimama nyuma yake, ananitazama aone kama nitaishika mikono ya dada.